Mwaka Niliokuwa Uzito wa Nyuma

Waliponipigia simu kuniambia Patron Évariste Mwansa amekufa, nilikuwa nakula. Nilimaliza kwanza. Nilichovya tonge la mwisho la bukari kwenye mchuzi wa samaki tomson, nikanawa mikono, njo nikauliza amekufa namna gani. Mtoto wake upande ule akasema: kitandani, Papa Pascal, kwa amani, tukiwa wote tumemzunguka. Nikasema aha. Kitandani. Kuna watu wanaopewa kitanda. Komanda Théophile, ambaye Patron alimuua, alikufa amekaa, usukani umemwingia kifuani. Na mimi, ambaye Patron alikosa kidogo kuniua, nimebaki na mguu unaojua mvua kabla ya mawingu kuijua. Shule niliiacha mapema, sijui kupaka maneno asali. Nitataja majina. Waliokufa nitawataja, na walio hai nitawataja zaidi, juu wao bado wana masikio.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa kugonga mabati. Magaraji ya Manika, hapa Kolwezi, yalinijua: gari ikigongwa ubavu, watu walisema mpelekeeni Pascal. Njo hivyo Patron alinipata. Alikuja mwenyewe na viatu vyeupe kwenye matope yetu, akaangalia mlango nilionyoosha, akapitisha kidole, akasema, "Mutoto, unapoteza mikono juu ya magari ya batu balevi. Kuya kwangu. Tunajenga ndege." Nilicheka. Hakucheka. Nje ya mji alikuwa na shamba ambalo halikulimwa kitu, na ndani ya shamba hangari ya mabati, na mbele ya hangari kiwanja cha udongo mwekundu kilichosawazishwa kwa katapila. Mawazo yake, lazima niseme, hayakuwa ya kijinga. Barabara ya kutoka Kolwezi kupita Fungurume mpaka Lubumbashi ilikuwa imezibwa na malori. Mashine ya mgodi ikivunjika kipande, kipande kinalala njiani na mgodi unalala nacho. Ndege ndogo, ya watu wachache na mizigo kidogo, inayotua popote, iliyotengenezwa hapa kwetu: nani angekataa kuinunua? Ubaya haukuwa ndoto yake. Ubaya ulikuwa yeye mwenyewe.

Ndege ilichorwa na Injinia Hyacinthe. Huyu alikuwa amesoma mbali, na kila asubuhi alitukumbusha umbali huo. Aliichora yote mwenyewe kutoka pua mpaka mkia, na mabati yake niliyakunja mimi na wenzangu kwa miezi mingi, mpaka nilikuwa naota misumari ya ribiti. Pua ile ilichorwa kwa ajili ya injini fulani ndogo, nyepesi, iliyokuwa ije kutoka Ulaya. Haikuja. Waliokuwa wanaitengeneza walisema ngojeni kwanza, bado tunairekebisha. Patron hakuwa mtu wa kungoja. Akamleta Rigobert kutoka Lubumbashi, muuzaji wa mamotere, kama tunavyoziita injini kwetu. Rigobert akaja na kitu chake kwenye sanduku la mbao kubwa kama chumba cha mtu asiye na bibi: injini mpya kabisa, yenye nguvu zaidi, isiyohitaji essence, petroli ile ya taabu kupatikana, inayopozwa kwa maji kama ya lori. Alijivuna kwamba hakuna ndege nyingine katika Kongo nzima iliyowahi kuivaa. Leo nikikumbuka majivuno yale nashangaa. Alikuwa anatuambia hatari yenyewe, na sisi tulipiga makofi.

Lile sanduku la injini tulilifanya meza. Tuliligeuza chali chini ya dari ya mabati, mishale ya "upande huu juu" ikielekea ardhini, na hapo mchana tulikula wote, kila mtu upande wake. Mama Odile, bibi ya rubani wetu Komanda Théo, njo alikuwa anatupikia: bukari, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa vizuri na mawese, siku za bahati samaki. Wainjinia walikaa upande wa mlango, penye hewa, na uma. Sisi wa mabati tulikaa upande wa moto na mikono yetu. Lakini sanduku ni sanduku, maneno yalipita juu ya sufuria mpaka kwetu.

"Miye nilichora ndege ya kubeba mbuzi," Hyacinthe alisema, "weye unaniletea tembo."

"Tembo?" Rigobert akajibu, mdomo umejaa. "Hii motere njo ya kesho, mon cher. Ndege yako njo ya jana, na bado haijaruka."

"Pua itakuwa nzito."

"Basi urefushe mukia."

"Mukia yangu haina ya kurefushwa! Weye upunguze motere!"

"Motere yangu haipunguzwake. Unaweza kupunguza mutu kichwa?"

Mama Odile alikuwa anaokota sahani. Akasema bila kuwaangalia, "Bibi-arusi mupya, nyumba mupya. Usiku ukisikia kitu inalia, utajua ni mulango ao ni bibi?" Tulicheka mpaka pilipili ikatupanda puani. Hata Komanda Théo alicheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka kwa adabu, mtu wa Katanga ya kaskazini, Mprotestanti wa kweli, asiyegusa hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ikishakaa siku nyingi na kuanza kuchacha. Nashika neno lile la Mama Odile mpaka leo. Ukitia injini iliyozoeleka kwenye ndege mpya, ikitetemeka utajua ni ndege. Ukitia injini mpya kwenye ndege iliyozoeleka, utajua ni injini. Sisi tulioanisha wageni wawili, na kila mmoja alikuja na mkwe wake wa kumtetea. Ikitetemeka, Hyacinthe anasema motere. Ikivuja, Rigobert anasema ndege. Mahali zinaposhikana, pale penye bolti na mabomba, hapakuwa na mwenyewe.

Walipoifunga, pua ilizama. Ndege ilisimama kama kuku anayedonoa. Ilibidi kutia uzito mkiani ili isimame sawa angani, na huko, ndugu zangu, Patron Évariste alifanya jambo ambalo lingeweza kufanyika Kolwezi tu. Alitafuta kitu kizito, kidogo, cha kukaa ndani ya mkia mwembamba, na kwa mtu wa kwetu kitu kizito kina jina moja. Alileta mabamba ya shaba. Tuliyafunga kwa bolti, ndege ikanyanyua pua, Théo akairusha asubuhi moja ikazunguka shamba na kurudi kama njiwa. Tulilia. Patron alinunua mbuzi. Na kabla mifupa ya mbuzi haijakauka, mabamba yalikuwa yameondoka. Sentineli Kazadi, mlinzi wetu wa usiku, popote ulipo nakutaja, ulituambia wezi walikuja na silaha, na wezi wenyewe wakafungua bolti kwa ufunguo wetu na kuurudisha mahali pake. Patron akaleta mabamba mengine. Nayo yakaenda. Kuacha shaba inalala peke yake Kolwezi ni kufunga nyama shingoni mwa mbwa na kumwambia ailinde. Wakajaribu mifuko ya mchanga. Mmoja ukapasuka, mchanga ukamwagika kwenye nyaya zinazovuta mkia, na Théo akasema yeye na mchanga hawatapanda pamoja tena.

Njo Patron akasimama katikati ya hangari, akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Macho yake yakasimama kwangu. Nilikuwa mnene wakati ule, mifupa mizito.

"Shaba inaibiwa," alisema. "Mutu haibiwake. Pascal, ingia nyuma."

Watu walicheka tena. Nilicheka nami. Na mtu, akaongeza Patron, anafungua mulango, anasukuma ndege, anabeba bidon ya mafuta. Hyacinthe alipiga hesabu yake akasema inakubali. Rigobert akasema injini haina neno. Wakanitengenezea kiti cha ubao nyuma ya viti vyote, mahali ambapo mkia unaanza kuwa mwembamba, na mkanda wa gari nilioutoa mwenyewe kwenye ajali moja ya Manika. Tangu siku ile jina langu likawa Uzito. "Uzito iko wapi? Tunaenda!" Sikukasirika. Nilikuwa naruka angani, bure, na wenzangu walikuwa wanapumua vumbi. Dirisha langu lilikuwa dogo kama sahani na lilitazama nyuma, kwa hiyo katika safari zangu zote sikuona tulikoenda, niliona tu tulikotoka: mashimo ya wachimbaji na maturubai yao ya rangi ya chungwa, moshi wa makaa, malori yamepangana mpaka macho yanachoka. Mbele, Théo aliimba nyimbo za kanisa ili asikie kama injini inabadilisha sauti. Alisema wimbo unajulikana, kwa hiyo kama kitu kinaharibika, ni cha upande wa pili.

Lakini kulikuwa na joto. Matundu ya pua yalikatwa kwa injini ndogo ile isiyokuja; hii kubwa haikupata hewa ya kutosha kupoza maji yake. Jua likipanda, maji yanachemka. Rigobert alitaka pua ipanuliwe. Hyacinthe alisimama mbele ya ndege na mikono imetandazwa, kama anazuia mkwe asiingie: "Pua yangu haiguswe! Ukikata pale, unaua mustari yote!" Basi, alisema Théo, tupunguze nguvu ya injini. Rigobert akaruka: "Unataka banunuzi baone motere yangu inakohoa kama muzee?" Waligombana juu ya sanduku lile tangu bukari ikiwa moto mpaka ikawa jiwe. Patron aliwasikiliza huku akichokonoa meno, kisha akatoa hukumu yake: hakuna kukata pua, hakuna kupunguza injini. Ndege itaruka asubuhi tu, kukiwa baridi. Alimaliza ugonjwa kwa kuchagua saa. Wote wawili walifurahi, juu hakuna aliyeguswa kwake. Sisi nasi tuliona ni hekima. Nani alituomba mawazo?

Siku ya wanunuzi, watu wa migodi, walipaswa kufika na umande. Tuliosha hangari, nikapiga mabati polishi mpaka nikajiona. Mama Odile alichemsha chai, akakaanga mikate, maandazi ya kwetu. Umande ukaondoka, wageni hawakuja. Lori lilikuwa limeanguka kabla ya Tenke na kuziba njia yote. Walifika jua likiwa juu ya kichwa, wamevaa suti zenye vumbi, wamekasirika, wanataka kuona na kurudi. Ndege ilikuwa imesimama nje tangu asubuhi ili ipendeze. Niligusa bati nikaondoa mkono haraka.

Théo alimvuta Patron pembeni, lakini pembeni ile ilikuwa karibu nami. Alisema, "Patron, jua imeshapanda. Tungojee jioni."

"Bageni bameshafika."

"Motere itachemuka, Patron. Unajua."

"Hyacinthe!" Patron aliita. "Ndege iko namna gani?"

"Ndege iko bien," Hyacinthe akasema. "Uulize motere."

"Rigobert! Motere?"

"Motere iko bien. Uulize ndege."

Patron akatandaza mikono. "Unasikia? Yote mbili iko bien. Théo, weye ni shofere. Mwenye ndege njo miye."

Nimeishi na maneno yale miaka hii yote. Kila mmoja aliapa kwa nusu yake. Hyacinthe alijua joto, Rigobert alijua joto, na kila mmoja alilitupa ng'ambo ya ukuta kwa jirani. Théo alimwangalia bibi yake aliyekuwa anapitisha mikate kwa wageni. Angeweza kukataa, najua watu watasema. Semeni nyinyi. Patron alikuwa amempa nyumba waliyolala. Alivua kofia, akaivaa tena, akaniambia, "Uzito, twende," na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jina lile bila kucheka.

Tulipanda sisi wawili tu, wageni wakitazama kutoka chini. Alianza kuimba, akaacha katikati ya wimbo. Nikasikia harufu kama sufuria iliyoungua. Nilipochungulia mbele juu ya viti, mvuke mweupe ulikuwa unafunika kioo chake, na helisi, lile panga linalozunguka puani, ikapiga, ikapiga tena, ikasimama wima. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Théo alirudi upande wa kiwanja, taratibu, kama mtu anayegeuza mkokoteni. Alikuwa anavuta usukani kwa mikono miwili, na pua haikutaka kunyanyuka. Injini ikifa mkia unakosa upepo wake, na tembo wa Rigobert akawa anatuvuta chini. Akapiga kelele bila kugeuka: "Pascal, rudi nyuma! Nyuma kabisa!"

Nilifungua mkanda. Nilitambaa ndani ya mkia kama panya, nikipita juu ya nyaya, mpaka mabega yalipokwama. Pua ilinyanyuka kidogo. Niliihisi. Kidogo tu. Halafu ardhi.

Mbele hakukuwa na mbele tena. Mkia ulikatika, ukabingirika nami ndani, ukalala kwenye majani. Daktari aliniambia kama ningebaki kwenye kiti changu, ningekufa. Sijui hata leo kama Théo alikuwa anatafuta uzito ao alikuwa ananitafutia uhai. Aliniita Pascal. Hakuniita Uzito.

Patron alikuja hospitali na machungwa. Akakaa kitandani, juu ya shuka yangu, akasema kwa sauti ya baba, "Mutoto yangu, Théo alikuwa ananuka pombe ya lutuku asubuhi ile. Weye ulikuwa naye. Ulisikia." Nikamwambia nilisikia sabuni. Akaniambia dawa zinanisumbua, nifikiri vizuri. Nikamwambia tena sabuni. Alichukua machungwa yake. Kweli, aliyachukua. Lakini hakunihitaji, alikuwa na wengine. Kwenye kilio cha Théo, Hyacinthe alisimama akasema rubani alikuwa amekunywa, na Rigobert akasimama pembeni yake akasema ni kweli, hata yeye alisikia harufu. Mwaka mzima bati na injini zilishindwa kupatana. Siku ile zilipatana. Wazee wa kanisa wakasema hawamwimbii mlevi. Kwaya, aliyoiimbia tangu utoto, ikakaa kwenye mabenchi na midomo imefungwa, na Mama Odile alimzika bwana wake kwa sauti ya sepetu peke yake. Haya aliniambia mwenyewe, amekaa kwenye kitanda kile alichokalia Patron. Nami nikamwambia ni wimbo upi Théo aliuacha katikati. Hakulia. Alisema, "Kama walimuua tu, ningenyamaza."

Basi juma lililopita nilimpitia Mama Odile pale anapouza unga soko la Manika. Amezeeka, mgongo umepinda, ulimi bado umenyooka. Nikamuuliza kama ataenda kumzika Patron. "Nitaenda," alisema. "Nataka kuona kama anaenea ndani ya sanduku." Tulikwenda kwa taksi-moto mbili, mvua ikianza, kama mguu wangu ulivyosema. Katika uwanja wa nyumba walikuwa wametandika viti vya plastiki, na Hyacinthe alikuwa na mikrofoni. Tumbo kubwa, nywele zimetiwa wino. Alimsifu marehemu kama mtu wa maono, na akasema Katanga ingekuwa na ndege zake leo, "kama si chupa ya shofere mumoja." Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Rigobert, kiti cha mbele, aliangalia viatu vyake. Mama Odile alinishika mkono, kucha zikaingia.

Niliomba mikrofoni. Kijana wa protokole akaniambia, Papa, programu imejaa.

Makaburini njia inapanda, na mvua ilikuwa imeifanya sabuni. Pikapu iliyobeba sanduku ilifika katikati ya mlima, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, matope yakiruka. Unajua watu wetu hufanya nini hapo: wanaume wanapanda nyuma, gari ipate uzito, magurudumu yashike ardhi. Vijana wakaanza kuita. Hyacinthe alikuwa pale, suti imechafuka mpaka magoti, anatoa amri. Akaniona nimesimama pembeni na fimbo yangu. Na akacheka, Mungu ni shahidi, akacheka kwa upendo kama rafiki wa zamani.

"Uzito! Panda nyuma, kama zamani. Utuokoe!"

Watu wakanitazama. Niliegemea fimbo, sikupaza sauti.

"Injinia, useme kwanza Théo hakukunywa. Ukisema, napanda."

Kicheko kikakaa usoni mwake bila kujua kwa kwenda. "Pascal, hapa si mahali pake."

"Basi na nyuma si mahali pangu."

Sikupanda. Magurudumu yalichimba mpaka chuma kikagusa ardhi, dereva akazima. Ikabidi washushe sanduku walibebe mabegani, mlimani, kwenye utelezi ule, na mabega ya vijana hayakutosha, wazee nao wakaitwa. Rigobert alikuwa wa mwisho upande wetu. Alipotupita, shingo imelala chini ya mbao, alisema kwa sauti ndogo, macho yakitazama matope, "Théo hakukunywa. Bote tulijua."

"Sema na sauti," Mama Odile akamwambia.

Akafungua mdomo. Wa mbele wakateleza, sanduku likamwelemea, akafunga mdomo akashika kwa mikono miwili. Wakaendelea kupanda. Tulibaki barabarani, mimi na yeye, tumelowa. Mama Odile alifuta uso kwa kitenge, akawatazama mpaka walipopotea nyuma ya misalaba, na kisha, kwa sauti iliyopasuka ya mwanamke wa kuuza unga, akaanza wimbo ule ambao Théo aliuacha katikati. Sikuwahi kuujua mwisho wake. Aliuimba mpaka mwisho.